Mzee wa klabu anarusha mpira wa polepole, vijana hawamuwezi. Siri ni nini?

#1 Namba Nne
Wakuu, kila klabu ya kriketi ya ridhaa ina mtu huyu. Alianza kuichezea kabla nusu ya kikosi cha leo haijazaliwa, anapendwa na kila mtu, na funguo za stoo anazo yeye. Akipewa mpira anapiga hatua sita, anauachia kwa mwendo wa kilomita 90 au 95 kwa saa, basi. Wapigaji waliotoka kupambana na kijana wa kilomita 120 wanacheka wakimwona anakunja mikono ya shati. Ova nane baadaye (ova ni mipira sita): mikimbio 24, yaani alama, na wiketi tatu, yaani wapigaji watatu wametolewa.

Dai langu ni hili: hapangwi kwa uhodari, anapangwa kwa kupendwa. Wiketi zinakuja kwa bahati na kwa papara za wapigaji. Nipingeni kwa hoja, si kwa heshima ya mvi.

#2 Mshono Wima
Bahati ya kila wikiendi si bahati tena, mkuu.

Mpira wa kasi unampa mpigaji nguvu ya bure. Anauelekeza tu kwa uso wa gongo, unakwenda mpakani wenyewe. Wa kilomita 95 hauna cha kumpa, nguvu yote aitoe kwenye mabega yake. Sasa piga hesabu: kutoka wiketi hadi wiketi, yaani vile vijiti vitatu vya kila upande, ni mita 20.12. Kilomita 95 kwa saa ni mita 26.4 kwa sekunde, kwa hiyo mpira unafika baada ya sekunde 0.76. Wa kilomita 120 unafika baada ya 0.60. Muda huo wa ziada ndio unaomponza mpigaji. Anaamua pigo mpira ukiwa bado hewani, unadunda, unachelewa, gongo limeshatangulia. Unagonga sehemu ya juu ya uso wa gongo na kupaa kuelekea kava, mdakaji wa mbele upande wa gongo. Kukamatwa hapo hakuhitaji mchawi.

#3 Futi Kamba
Hoja nzuri, hesabu mbovu. Mita 20.12 ni umbali wa stampu (vijiti vya wiketi) hadi stampu, na hakuna anayeachia mpira akiwa kwenye stampu. Mrushaji anauachia karibu na krizi ya mbele (mstari uliochorwa chini), mita 1.22 mbele ya stampu zake, na mpigaji naye anasimama kwenye krizi yake, mita 1.22 mbele ya zake. Zinabaki mita 17.68. Kwa hiyo ni sekunde 0.67 kwa mzee na 0.53 kwa kijana. Na hapo bado hujatoa kasi inayopotea hewani na ile inayopotea mpira ukidunda, ambayo kwenye uwanja laini ni kubwa.

Tofauti ni ndogo kuliko ulivyoandika, lakini ipo.

#4 Mshono Wima
Nimekubali kusahihishwa. Sekunde 0.14 zinatosha kumfanya mtu apige hewa.

#5 Kitabu cha Alama
Kabla hamjamaliza fizikia yote, fungueni kitabu cha alama. Namba Nne anasema "wiketi tatu" kama vile wiketi zote zina uzito mmoja. Fanyeni hivi:

Chukueni mechi zote za msimu. Kwenye safu ya "ametolewaje", andikeni kila mpigaji aliyetolewa na mzee alikuwa wa namba ngapi kwenye mpangilio. Hesabuni wa 1 hadi 4 kando, 5 hadi 7 kando, 8 hadi 11 kando. Kisha angalieni ova alizopewa: ni ova ya pili mpira ukiwa mpya, au ya 25 wapigaji wazuri wakiwa wameshakaa chini? Mwisho hesabuni nukta, yaani mipira isiyo na mkimbio. Ova 8 ni mipira 48. Akiwa na nukta 32 basi kuna mtu anabanwa kweli. Akiwa na nukta 20 na wiketi tatu za namba 9, 10 na 11, Namba Nne ana haki ya kuuliza alichouliza.

Mikimbio 24 kwa ova 8 ni wastani wa 3 kwa ova, mipira 16 kwa kila wiketi. Kwenye karatasi ni takwimu za mfalme, lakini karatasi haikuonyeshi nani alikuwa upande wa pili.

#6 Namba Nne
Angalau mmoja ananielewa.

#7 Kitabu cha Alama
Sijasema nakuunga mkono. Nimesema hesabu kwanza.

#8 Glavu Mbili
Mnamsahau kipa. Mrushaji wa kilomita 120 kipa anasimama mbali nyuma, mpigaji yuko huru kusimama nusu mita nje ya krizi na kuharibu urefu wa mpira, yaani mahali unapodundia. Kwa mzee, kipa anasimama nyuma ya stampu kabisa, glavu zinamhemea mpigaji kisigino. Akitoka nje na kukosa, beli, vile vijiti vidogo juu ya stampu, zinaruka na ametolewa. Kwa hiyo mpigaji anabaki ndani ya krizi, na akibaki ndani mrushaji ndiye anayechagua mpira udunde wapi.

Kazi hiyo ina mbinu zake. Kipa achuchumae chini, uzito kwenye vidole vya miguu, na ainuke pamoja na mpira, asiinuke kabla. Akiinuka mapema, mpira unaodunda chini unapita chini ya glavu na inakuwa mikimbio minne ya bure. Kichwa kiwe upande wa ofu (upande wa gongo) ili aone mpira, maana ule unaoelekea legi (upande wa miguu) unafichwa na mwili wa mpigaji, na huo ndio unaoangusha makipa wengi.

Tazameni klabu ikibadilisha kipa. Mzee yuleyule, mkono uleule, wiketi zinapungua.

#9 Filimbi ya Akiba
Na kipa asilete glavu mbele ya stampu akiwa na haraka ya kuvunja wiketi, ni nobolu, yaani mpira batili.

#10 Jaji wa Krizi
Ongeza: si glavu tu. Mwili wote wa kipa lazima ubaki nyuma ya wiketi mpaka mpira uguse gongo au mpigaji, au upite wiketi, au mpigaji aanze kukimbia. Hata ncha ya kofia ikitangulia, mwamuzi wa upande wa mpigaji anaita nobolu, na kwenye nobolu hakuna kutolewa kwa kuvunjiwa wiketi na kipa. Kwenye waidi, mpira uliopita mbali na mpigaji, inaruhusiwa. Wengi hawajui hilo la waidi, wanasimama nje ya krizi wakishangilia mkimbio mmoja huku beli ziko chini.

#11 Mkeka na Misumari
Ninyi mnatazama mkono, tazameni chini. Klabu nyingi za ridhaa zinacheza juu ya mkeka wa nyuzi za nazi uliotandikwa kwenye zege au udongo ulioshindiliwa. Mkeka unashika mpira. Mrushaji wa kasi anapata mdundo tu, mpira unapita juu ya stampu. Wa polepole anayekata mpira kwa vidole anapata mgeuko, kwa sababu mpira unakaa juu ya nyuzi muda mrefu zaidi na mshono unauma.

Kisha jiulize nani anautandika mkeka huo asubuhi. Ni yeye. Ukivutwa sawasawa na vigingi vikapigiliwa pande zote, mpira unadunda kwa urefu mmoja. Ukilegea katikati unafanya mawimbi: mpira mmoja unanyanyuka kifuani, mwingine unateleza kwenye kifundo cha mguu. Anajua kila mshono ulipofumuka na kila sehemu iliyochakaa, hasa pale miguu ya warushaji inapotua. Anajua pia upande gani zege lina bonde dogo. Simwiti mlaghai, mkeka ni wa timu zote mbili. Ila yeye anausoma kama kiganja chake, mgeni anauona leo.

#12 Namba Nne
Kumbe tumpe wiketi fundi mkeka, si mrushaji!

#13 Futi Kamba
Vipimo kwa anayetaka kununua: kwa uwanja usio wa nyasi, sheria zinataka urefu usiopungua mita 17.68 na upana usiopungua mita 1.83. Uwanja wa nyasi ni mpana zaidi, mita 3.05. Vichwa vya misumari na vigingi vizame kabisa chini ya uso wa mkeka. Kinachobaki juu kinachana mpira, na mpira ukikigonga hakuna ajuaye unakwenda wapi.

#14 Vidole Viwili
Mkeka na Misumari, umegusa palepale, lakini kukata mpira hakuji kwa kutandika mkeka. Kwa mrushaji wa mkono wa kulia anayemkabili mpigaji wa mkono wa kulia:

Unaoingia ndani: kidole cha shahada juu ya mshono, cha kati kando yake, gumba chini. Wakati wa kuachia, vuta vidole kushuka upande wa kulia wa mpira kwa haraka. Ukidunda unatoka ofu kuelekea kwenye stampu.

Unaotoka nje: cha kati ndicho kikae juu ya mshono, vidole vishuke upande wa kushoto. Ukidunda unakimbia kuelekea slipu, mchezaji aliye kando ya kipa.

Kinachoharibika mara nyingi ni vitu viwili. Kwanza, mtu anashika mpira kwa nguvu mpaka ndani ya kiganja. Mpira ushikwe kwa ncha za vidole na nafasi ionekane kati yake na kiganja. Pili, anapunguza mwendo wa mkono ili "apate kukata". Mpigaji anausoma mkono kabla ya mpira. Mkono uje kwa kasi ileile, vidole ndivyo vipunguze.

Mzee hageuzi mpira sana, na hilo ndilo lenye hatari. Gongo lina upana wa sentimita 10.8. Mpira ukigeuka sentimita 30 mpigaji anaukosa kabisa na maisha yanaendelea. Ukigeuka nusu ya upana wa gongo, unagusa ukingo na kwenda kwa kipa.

#15 Ova ya Sita
Kwa nini hakuna aliyetaja urefu? Kwa mwendo ule, mpira unaodunda mita 5 hadi 6 kutoka stampu za mpigaji unamwacha njia panda: akienda mbele haufikii, akirudi nyuma haumpi nafasi. Weka karatasi nne za A4 pale mazoezini, mwache arushe mipira 30 na kijana wa kasi arushe 30. Hesabu karatasi zilizoguswa. Mjadala utaisha.

#16 Kitabu cha Alama
Hautaisha. Mazoezini hakuna mpigaji anayemtoa kwenye urefu wake.

#17 Mshono Wima
Kuna pia hali ya mpira wenyewe. Mpira mpya hupinda zaidi hewani kwenye takriban kilomita 110 kwa saa, mshono ukielekezwa nyuzi kama 20 pembeni. Mzee yuko chini ya hapo, lakini hajatoka kwenye eneo la kupinda. Wengi wanadhani kasi ikizidi ndivyo mpira unavyopinda. Kwa mpira mpya, ukizidi sana mpindo unapungua. Mate ya kung'arisha upande mmoja, upande mwingine uachwe uchakae, na kufikia ova ya 15 anapata mpindo wa kuchelewa.

#18 Jaji wa Krizi
Mate hapana. Marufuku yalianza mwaka 2020 wakati wa korona, na tangu Oktoba 2022 yamo kwenye sheria zenyewe za kriketi. Ni jasho tu, na kitambaa bila dawa yoyote. Mkimwona mzee analamba kidole, mwambieni. Wa umri wake wameizoea tangu utotoni, mkono unakwenda mdomoni wenyewe.

#19 Mama wa Pedi
Jaji, na hili la waamuzi kumpa miguu mbele ya wiketi (mpigaji kutolewa kwa kuzuia kwa mguu mpira ambao ungegonga wiketi) kwa urafiki je? Maana naona mzee akiinua mkono tu kuomba, kidole cha mwamuzi kimeshapanda.

#20 Jaji wa Krizi
Mwamuzi anajibu maswali kwa mfuatano. Mpira ulidunda nje ya stampu upande wa legi? Kama ndiyo, hakuna kutolewa, hata ungeng'oa stampu zote tatu. Uligusa gongo kwanza? Ulimgonga kwenye mstari wa stampu, au nje ya ofu bila yeye kujaribu kuupiga? Mwisho, ungegonga wiketi? Mpira wa polepole unaodunda karibu na kugonga chini ya goti unarahisisha swali hilo la mwisho, kwa sababu hauna nafasi ya kupanda juu ya stampu zenye sentimita 71.1. Wa kijana wa kasi unadunda kwenye mkeka na kugonga paja, unapita juu.

Lakini sitakataa jambo moja. Anayeomba mara mbili kwa mechi anasikilizwa kwa makini kuliko anayeomba kila mpira.

#21 Namba Nne
Kwa hiyo urafiki upo!

#22 Jaji wa Krizi
Usikivu si urafiki.

#23 Kapteni Mbadala
Nahodha mwenye akili anampa upande ambao upepo unamjia usoni na mpaka wa mbali uko midiwiketi, mbele ya mpigaji upande wa legi. Mpira wa juu dhidi ya upepo unaning'inia na kudondoka pungufu kidogo ya pale mpigaji alipotarajia. Mpigaji analenga mpaka wa mbali kwa nguvu zake mwenyewe, haufiki. Mpangilio wa kawaida: slipu mmoja, kava, midi-ofu aliyerudi nyuma kidogo, longi-oni (mpakani nyuma ya mrushaji, upande wa legi), midiwiketi wa mpakani, midiwiketi wa karibu, na watatu nyuma ya skwea-legi (upande wa legi, usawa na mpigaji) kuzuia pigo la kufagia.

Umwondoe hapo, mpe upepo wa mgongoni na mpaka mfupi, utaona ova ya mikimbio 15.

#24 Filimbi ya Akiba
Watatu nyuma ya skwea-legi? Nobolu kila mpira. Mwisho ni wawili, kipa hahesabiwi.

#25 Kapteni Mbadala
Wawili basi. Wa tatu aende mbele ya mwamuzi wa skwea, kazi ni ileile.

#26 Kitabu cha Alama
Kapteni amesema bila kujua jambo lile nililosema. Kama anapewa upepo mzuri, mpaka mrefu na wapigaji wa katikati wanaokimbizana na mikimbio 7 kwa ova, takwimu zake ni za mpangilio mzima. Kijana wa kasi anatupwa ova ya kwanza dhidi ya wapigaji bora wawili, na baadaye tunalinganisha wastani wao kana kwamba walifanya mtihani mmoja.

#27 Kumbukumbu Ndefu
Aasif Karim, Durban, Machi 2003, Kenya dhidi ya Australia, Kombe la Dunia. Umri miaka 39, alikuwa ameshastaafu akarudishwa kikosini. Alirusha ova 8.2, sita kati ya hizo bila mkimbio, akatoa mikimbio 7, wiketi tatu: Ponting, Lehmann na Hogg. Wale si namba 9, 10 na 11. Australia walishinda mechi, lakini mchezaji bora alikuwa yeye. Mikimbio 7 gawanya 8.2 ni 0.85 kwa ova. Nani atasema ni upepo?

#28 Futi Kamba
Ova 8.2 si nane nukta mbili za kawaida, ni ova 8 na mipira 2, yaani mipira 50. Gawanya 7 kwa 50, zidisha kwa 6: 0.84.

#29 Mama wa Pedi
Futi Kamba huyu akienda harusini anapima keki.

#30 Namba Nne
Mfano wa Karim ni mzuri lakini si wetu. Yule alikuwa mrushaji wa spini wa kimataifa, aliwahi kuwa nahodha wa taifa. Mimi nazungumzia mzee anayeegemea goti akifunga kamba ya kiatu.

#31 Kumbukumbu Ndefu
Umri ndio hoja. W. G. Grace ndiye mzee kuliko wote, alicheza mechi ya Test (ya kimataifa ya siku kadhaa) akiwa na miaka 50.

#32 Kitabu cha Alama
Grace alimaliza mwaka 1899 akiwa na 50, sawa. Aliyempita ni Wilfred Rhodes, Test yake ya mwisho ilikuwa mwaka 1930 akiwa na miaka 52. Naye mrushaji wa polepole, mkono wa kushoto.

#33 Hatua Sita
Mwili nao una maelezo yake. Mrushaji wa kasi anatua mguu wa mbele kwa nguvu ya mara kadhaa ya uzito wake, kila mpira. Kinachowamaliza zaidi ni kuchanganya mielekeo: nyonga zinatazama mbele, mabega yamegeuka ubavu, mgongo wa chini unajikunja kama nguo inayokamuliwa. Vijana wengi wanapata mpasuko wa mfupa hapo na kukosa msimu mzima. Mzee wa hatua sita ametua kwa upole, nyonga na mabega vinaelekea upande mmoja, kwa hiyo amerusha maelfu ya mipira bila kusimama, na mikono yake imekariri ile mita 5 hadi 6. Hoja ya kipaji iacheni. Hajawahi kukosa mazoezi kwa sababu hajawahi kuumia vibaya.

Kinachomsumbua ni bega na kisigino. Akipasha mwili dakika 15 na kuanza na mipira mitatu ya nusu nguvu, yuko sawa. Akiitwa ghafla kutoka slipu baada ya kusimama ova 20, ova yake ya kwanza huwa na waidi mbili. Nahodha amwonye ova mbili kabla.

#34 Mama wa Pedi
Na akipiga gongo apewe mkimbiaji wa kumsaidia, hapo tutamaliza kila kitu.

#35 Filimbi ya Akiba
Mkimbiaji hatolewi kwa umri. Ni kwa aliyeumia ndani ya mechi, na waamuzi waridhike. Mkimbiaji awe wa timu inayopiga, ikiwezekana awe ameshapiga na kutolewa, avae vifaa vya kujikinga kama vya aliyeumia na abebe gongo. Kwenye mechi za kimataifa wameifuta tangu 2011, kwenye klabu bado ipo kama kanuni za ligi hazijaikataza.

#36 Mkeka na Misumari
Hamjajibu swali la kupendwa. Anapendwa, ndiyo, na anayetandika mkeka, kuchora krizi, kubeba stampu za akiba na kumtuliza kijana aliyetolewa kwa sifuri atapendwa. Hilo linamweka kwenye orodha ya 15. Kuingia kwenye 11 ni kazi nyingine.

#37 Namba Nne
Kwenye klabu yenye watu 12 wanaofika uwanjani, 15 na 11 vina tofauti gani?

#38 Kapteni Mbadala
Hapo umenipata.

#39 Ova ya Sita
Turudi kwenye mchezo. Namba Nne, badala ya kulalamika mpigeni. Usiamue pigo mapema. Simama kwenye krizi, ukiona wa juu toka kwa hatua mbili mpaka mpira unapodunda, piga chini kuelekea longi-oni upate mmoja. Ukiwa mfupi, rudi nyuma kabisa, subiri, piga kava. Ukiwa kwenye urefu wake, zuia. Mmoja mmoja kila ova hadi apoteze subira, msitafute pigo la mikimbio sita. Na kama kipa yuko karibu, fagia kuelekea faini-legi, nyuma ya mpigaji upande wa legi, wazi pale.

#40 Glavu Mbili
Ukifagia mara mbili, ova inayofuata utakuta ameomba mtu asogezwe faini-legi ya karibu, na mpira unaofuata ni mrefu zaidi, kwenye stampu.

#41 Namba Nne
Nitaupiga kwa midi-oni, mbele karibu na mrushaji.

#42 Glavu Mbili
Ndiko anakotaka uupige.